Nani Anasuka Muscat?

Kila mwaka wakifika wanafunzi wapya hapa Muscat maswali yao huwa matatu. La kwanza ni kadi ya ukaazi, la pili ni wapi panauzwa unga wa sembe, na la tatu, ambalo kina dada huliuliza kwa sauti ya chini kidogo, ni hili: nani anasuka? Mwaka huu mhariri kachoka kujibu, kanitupia mimi. Sijui nani alimwambia mimi fundi. Mimi si msusi jamani. Mimi ni mtu ambaye mwaka 2020 nusura apoteze nywele zote za kichwani, na kwa sababu hiyo nikalazimika kujifunza mambo niliyopaswa kuyajua tangu nina miaka saba. Na nyinyi kina kaka msifungue ukurasa mwingine, yanawahusu, nitawafikia.

Jibu fupi kwanza. Saluni hapa zimejaa, kila mtaa ipo, ila nyingi zimezoea nywele za singa. Ukiingia na kichwa cha kipilipili, dada wa saluni atakutazama, atamwita mwenzake, watakutazama wote wawili, halafu watakutajia bei ya kunyoosha. Wanaosuka wapo, dada zetu wa Kitanzania, Kikenya, Kiganda na Kihabeshi, na unawapata kwa kuulizia, si kwa kusoma vibao. Bei si ya nyumbani. Riyali moja ya hapa ni dola 2.60 za Marekani, kwa hiyo mtu akikwambia kumi na tano usishangilie kabla hujapiga hesabu.

Jibu refu ndilo hili ninaloliandika.

Mwanzoni mwa Februari 2020 nilisuka rasta. (Wakenya mnisamehe, kwetu rasta ni ile misuko ya kuunganisha na nywele za dukani, si zile za Bob Marley.) Mpango wangu ulikuwa nikae nazo wiki sita, nifumue, nirudi kwa dada yangu msusi. Tarehe 15 Machi vyuo vikafungwa kwa ajili ya korona. Siku chache baadaye vinyozi na saluni navyo vikaambiwa vifunge. Tarehe 29 Machi ndege za abiria zikasimama. Tarehe 10 Aprili mkoa mzima wa Muscat ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na ukakaa hivyo mpaka 29 Mei. Wiki sita zangu zikawa nane, nane zikawa kumi na mbili. Nyumba tulikuwa wawili, mimi na binti mmoja wa Kampala, na yeye alikuwa kanyoa kabisa kabla ya yote hayo kuanza, kwa hiyo alikuwa akinicheka tu.

Sasa sikilizeni kinachotokea kichwani wakati huo, maana mimi nilikuwa sikijui. Nywele zetu hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, wengine pungufu kidogo. Lakini pia kila mtu, awe Mwafrika au Mzungu, hudondosha nywele 50 hadi 100 kila siku, ni kawaida, si ugonjwa. Kichwa kikiwa wazi zinaanguka, unazifagia. Kichwa kikisukwa hazina pa kuangukia. Zinakwama humo humo ndani ya msuko. Piga hesabu: wiki kumi na mbili ni siku 84, mara hamsini ni nywele 4,200. Zikiwa mia kwa siku ni 8,400. Zote zimekufa, zimening'inia, zimejizungusha kwenye zile hai. Na zimejizungusha pale pale penye ule utando mweupe wa jasho, mafuta na vumbi, chini ya kila msuko. Ndiyo maana mtu akifumua rasta anaona bonge la nywele sakafuni anapiga yowe kwamba anapata upara. Hupati upara dada, hizo ni za miezi mitatu zimetoka kwa pamoja.

Kosa langu mimi lilikuwa hili. Nilifumua nusu ya kichwa, nikachoka, joto kali, nikaona kichwa kinawasha. Nikaingia bafuni nikafungulia maji. Ule utando ukalowa, zile nywele zilizokufa zikazikamata zilizo hai, na zilipokauka nilikuwa na kitu upande wa kushoto ambacho siwezi kukiita nywele. Sisi wa Tanga tunajua katani ikiwa haijapigwa brashi inafananaje. Basi ndiyo ilikuwa hivyo, katani. Kitana kikiingia hakitoki.

Nikampigia mama kwa video. Akanitazama kimya, halafu akasema, "Mtoto wa Tanga gani wewe hujui kufumua?"

Swali la mzaha, lakini lilinikaa. Kweli, kwa nini sijui? Nikahesabu. Darasa la kwanza nilinyolewa, maana shule zetu nyingi, na za Kenya na Uganda vilevile, mwanafunzi wa kike ni kichwa kifupi. Nikakaa na kipara changu mpaka kidato cha sita. Nilipomaliza tu, wiki ileile, nikaziachia zikaota, na zilipofika urefu wa kidole nikaenda kutia dawa. Tangu hapo kichwa changu kilikuwa mali ya saluni. Kwa hiyo katika maisha yangu yote, nywele zangu mwenyewe, kama zilivyoota, niliishi nazo kabla sijafika miaka saba tu, na hata hapo hazikuwa mikononi mwangu, zilikuwa mikononi mwa bibi yangu. Nadhani wengi mnaosoma hapa hadithi yenu ni hiyo hiyo. Tunajua kujibu mtihani wa kemia, nywele zetu hatuzijui.

Haya, utaratibu alionielekeza mama siku ile ni huu. Kwanza, usiguse maji. Fumua kichwa chote hata kama ni siku mbili. Kila msuko ukifumuliwa, uupake mafuta pale kwenye utando, usubiri, kisha uuchambue kwa vidole, kavu, taratibu, uzitoe zilizokufa. Ukimaliza hapo ndipo unashika chanuo lenye meno mapana, unaanza nchani, si kwenye shina. Ukianzia kwenye shina unasukuma mafundo yote yakutane chini. Gawa kichwa sehemu nne au sita na kila sehemu ukiimaliza uisokote uifunge, isije ikarudi kushikana na jirani. Ndipo uoshe, ukiwa umezifunga hivyo hivyo kwa mafungu. Upande wangu wa kushoto ulichukua saa tano na futari ikapita. Nilikata kipande kimoja tu, kama ukubwa wa kunazi.

Mafuta gani? Ya nazi. Sisemi hivyo kwa sababu ya upwani. Kuna utafiti wa Rele na Mohile wa India uliotoka mwaka 2003, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini yanayotiwa kwenye vipodozi, wakakuta ya nazi peke yake ndiyo yanayopunguza protini inayopotea kwenye nywele zikioshwa, kwa sababu yanapenya ndani ya unywele, mengine yanakaa juu. Bibi zetu walikuwa wakipaka kabla ya kuosha, sisi tunapaka baada. Kumbe kabla ndiyo penyewe.

Nywele za kipilipili ni kavu kwa umbo lake. Unywele wetu ukiukata na kuutazama si duara, umebonyea kama utepe, na unatoka kwenye ngozi ukiwa tayari umejikunja. Mafuta yanayotengenezwa na ngozi ya kichwa huteremka vizuri kwenye unywele ulionyooka. Kwenye wetu hayafiki nchani, na kila kona ni mahali pa kukatikia. Sasa weka juu yake hali ya hewa ya Muscat. Nje joto lenye unyevu, ndani kiyoyozi usiku na mchana kinachokausha mpaka midomo. Juni 2018 pale Qurayyat, mkoa huu huu wa Muscat, kulikuwa na siku ambayo kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 hata usiku, na watu wa hali ya hewa duniani walilizungumza jambo hilo. Kwa hiyo kulala bila kufunga kichwa, chini ya kiyoyozi, juu ya mto wa pamba unaonyonya mafuta, ni kujitafutia. Funga kitambaa laini, cha satini au cha hariri.

Maji je? Wengi tunasema maji ya Muscat yanamaliza nywele kwa kuwa ni ya bahari. Ni kweli mengi yanatoka baharini, kwenye mitambo ya Ghubrah na Barka, lakini yameshatolewa chumvi, na kwa chumvi ni mepesi kuliko ya visima vingi vya kwetu. Kinachoumiza ni joto lake. Matangi yako juu ya paa, jua linayapika, mwezi wa sita ukifungua bomba la maji baridi yanatoka ya kuchomea kuku. Wenyeji wanajua ujanja: kiangazi wanazima hita ya bafuni, yale yaliyomo ndani ya hita yanapoa kivulini, wanaoga hayo. Bomba la moto linakuwa ndilo la baridi. Mwaka wangu wa kwanza hakuna aliyeniambia.

Ghorofa ya chini yetu alikuwa akiishi bi mkubwa mmoja, Muomani aliyezaliwa Unguja. Wapo wengi hapa, waliokuja baada ya 1964 na hasa baada ya 1970 Sultan Qaboos aliposhika nchi, na Kiswahili chao kizuri kuliko changu. Sote tulikuwa tumejifungia, kwa hiyo akaniachia mfuko mlangoni na kunipigia simu. "Mwanangu, umo unga wa mkunazi humo. Ukoroge na maji vuguvugu, ujipake, ukae nao kidogo, uoshe. Usitie sabuni hizo kali." Hapa wanauita sidri, wanawake wa Oman wanaoshea nywele tangu zamani, na majani yake yakisagwa yanatoa povu kama sabuni laini. Nilimshukuru lakini nilisita, na nikamwambia kwa nini. Kwetu majani ya mkunazi tunayajua zaidi kwa kuoshea maiti. Akacheka. "Ni huo huo. Maiti haoshwi kwa kitu kibaya."

Nikaosha. Nikaona ajabu, chanuo linapita.

Lakini tatizo la pili likajitokeza. Dawa yangu ya mwisho ilikuwa ya mwaka uliopita, kwa hiyo kichwa kimoja kilikuwa na nywele za aina mbili: shina kipilipili, ncha zimenyooka kama zimekufa. Dawa hizi za kunyoosha, zile kali, zinatengenezwa kwa sodiamu haidroksaidi, ndiyo ile kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Inavunja vifungo vya ndani vinavyoupa unywele umbo, na vikishavunjika havirudi. Pale panapokutana nywele iliyotiwa dawa na isiyotiwa ndipo panapokatika. Unaweza kuzitunza miezi ukizipunguza kidogo kidogo, au uzikate mara moja. Binti wa Kampala alishika mkasi, mimi nikafumba macho. Nikabaki na nywele fupi zangu mwenyewe, ambazo kwa mara ya mwisho nilikuwa nazo nikiwa nakwenda madrasa.

Na sikujua nizifanyeje! Nikajikuta nakumbuka mkeka wa bibi. Kila Alhamisi alasiri, barazani, anakaa kwenye kigoda, wewe chini, kichwa kimebanwa kati ya magoti yake, na ukitikisika unapigwa na chanuo la mti. Aliyekuwa na haraka alimfunga mtu mabutu, yale mafungu manne matano ya kufunga tu, yanasimama kama pembe. Nyuzi zilikuwa za likizo: uzi mweusi unazungushwa kuanzia kwenye shina mpaka nchani, unywele unasimama kama waya, na siku ya pili huwezi kulala ubavu. Tulizichukia. Sasa ndiyo naelewa kazi yake. Uzi unanyoosha nywele pasipo moto wala dawa, na unywele umefunikwa, haukauki, haukatiki. Ukifumua baada ya wiki umepata urefu ambao watu hapa wanalipia riyali. Rasta zilikuwa za Idi, kwa wenye uwezo. Na mama zetu walikuwa na kali kiti yao ya miaka ya themanini, ninazo picha za mama, nywele zinameremeta mafuta na ukuta nyuma yake una doa alipoegemea.

Kina kaka, niliwaahidi. Denge mnalikumbuka? Kichwa kinanyolewa pembeni kote kinaachwa kibunda juu, halafu baadaye ikaja panki, na kila mwalimu alikuwa na mkasi wake wa kuikata mstarini. Sasa mko Muscat mnanyolewa na mafundi wa Bangladesh na India, wazuri sana, ila wengine hawajazoea nywele zetu na wembe wanaupitisha karibu mno. Nywele za kipilipili zikinyolewa chini ya ngozi zinajikunja zinarudi ndani, ndiyo vile vipele vya kisogoni na kidevuni. Mwambie aache kidogo, asipitishe mara ya pili kinyume na nywele zinavyoota. Na wakati wa kufungwa vinyozi, wale mliojinyoa wenyewe kwa kioo kimoja, picha tunazo.

Msuko wa kila siku, msuko wa bibi hasa, ulikuwa twende kilioni. Mistari iliyonyooka kutoka usoni kwenda kisogoni, basi. Binti wa Kampala aliponiona naujaribu akasema, "Kumbe ni biswahili!" Ndivyo wanavyouita Uganda, wakidhani ni wetu sisi. Kwetu wakubwa wanaeleza jina hivi: habari ya msiba ikifika mwanamke hawezi kutoka kichwa wazi kimetimka, wala hana muda wa urembo, kwa hiyo anasukwa haraka mistari ya kurudi nyuma na safari inaanza. Twende kilioni.

Katika kumi la kati la Ramadhani ile, wakati wa daku, mama akapiga simu. Bibi amefariki. Alikuwa mgonjwa siku nyingi, haikuwa korona, ni uzee na presha. Aliondoka kabla ya alfajiri na saa tano asubuhi walikuwa wamemzika. Niliuliza tu kama kulikuwa na mtu wa kumwosha, maana watu walikuwa wakiogopana. Mama akasema ameoshwa na wanawe, kwa majani ya mkunazi ule wa nyuma ya nyumba, tuliokuwa tukiuponda mawe kutafuta kunazi.

Ndege hakuna. Hata kutoka Muscat kwenda Sohar usingeweza. Bafuni kwangu palikuwa na nusu mfuko wa unga ule.

Nilikaa sakafuni na kioo cha mkononi nikasuka twende kilioni. Sikuwa nimewahi kujisuka mwenyewe hata siku moja. Niwaeleze inavyokwenda, maana kwa anayejaribu mara ya kwanza ni vigumu: usitegemee kioo, kinageuza mkono. Gawa mistari minane tu, si kumi na sita. Lowesha kidogo, paka mafuta. Anza na vifungu vitatu vidogo kwenye paji, kila unapovuka unaokota nywele kidogo kutoka chini, vidole vinajua vyenyewe baada ya mstari wa pili. Usivute. Nywele za ukingoni zikivutwa miaka na miaka zinang'oka zisirudi, mtazameni dada yeyote aliyezoea rasta za kubana. Mistari yangu ilipinda, wa kushoto ulikwenda kuishia sikioni. Saa tatu. Bibi angemaliza kwa dakika ishirini. Halafu nikajifunga ushungi nikashuka kwa bi mkubwa, nikasimama mbali mlangoni, nikamwambia nimefiwa. Alinisomea Fatiha pale pale kizingitini, na jioni akaleta uji.

Ndege zilifunguliwa 1 Oktoba, mimi nilipata nauli Desemba. Tulipotoka makaburini mama alinivua ushungi barazani, akanigeuza kichwa huku na huku. "Nani kakusuka hivi?" Nikamwambia mimi. "Inaonekana," akasema, akavuta kile kigoda, akanikalisha chini, akaanza kufumua.

Basi, wanaokuja mwakani, wekeni kwenye begi chanuo la mti lenye meno mapana, uzi mweusi wa kusukia vibunda vitatu au vinne, na kitambaa cha satini. Mafuta ya nazi na sidri msibebe, sokoni Mutrah vipo. Na kabla hamjaondoka, kaeni chini siku moja kwa mama au shangazi, mshike kichwa cha mdogo wenu, msuke. Namba za wasusi ninazo, ila sizichapishi humu. Njooni mniulize.